Chini ya Jiwe la Mama Kulwa

Kosa langu la kwanza Mwanza nililifanya asubuhi ya kwanza, kabla sijamaliza hata kusalimia watu: nilimnyakua mtoto wa watu aliyekuwa amelala, nikakimbia naye. Wale mlioisikia habari hii kwa mdomo wa Clarisse, mwanafunzi mwenzangu, mmeisikia ikiwa imetiwa chumvi na pilipili. Tangu turudi mmeniuliza mlangoni pa kanisa, kwenye simu, hata juu ya moto, pikipiki zetu za abiria, huku motari anageuka kusikiliza badala ya kutazama njia. Nimeona niiandike yote mara moja. Nikisimulia kwa mdomo nasahau kitu, kisha nakosa usingizi kwa ajili ya kile nilichosahau. Mnanijua.

Mnajua pia kwamba Kiswahili hiki cha vitabuni nilijifundisha mwenyewe, kwa redio na kwa vitabu visivyo na majalada nilivyokuwa nikinunua sokoni Birere, hapa Goma. Niliamini kwamba nikifika Tanzania nikasema bila kosa, mengine yote yatanyooka. Mimi ni mtu anayepiga pasi soksi. Safari ilianza hivyo.

Ndosho, mlangoni kwetu

Baadhi yenu mnafika kwetu lakini hamkuwahi kuelezwa kwa nini mlango ulikuwa na kufuli kwa nje mchana kutwa. Aliyekuwa ndani ni mdogo wangu, Neema.

Mazuku mnayajua. Nayaeleza tu kwa sababu Clarisse amesema atawapelekea karatasi hizi ndugu zake wa Bukavu. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini kwetu, hasa njia ya kwenda Sake. Haionekani. Inajaa mashimoni kama maji kwenye bakuli, zaidi alfajiri kabla ya upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita bila kujua lolote. Mbuzi na mtoto, ambao pua zao ziko chini, wanalala humo na hawaamki.

Msimu wa mvua uliopita tulikwenda kumsalimu mjomba upande huo, na asubuhi Neema alimfuata mbuzi shimoni. Mimi ndiye niliyeona miguu yake. Nilishika pumzi kama tunavyofundishwa tangu utotoni, nikashuka, nikamnyanyua juu ya kichwa changu, nikapanda naye. Mbuzi alibaki. Neema alitapika, akalia, akapona.

Tangu siku ile mama hakuamini tena mtu wala shimo. Baba yuko Walikale kwa kazi, mimi niko masomoni, na mama lazima awahi soko na mboga zake, lengalenga na sombe. Akawa anamfungia Neema ndani. Ukipita unaona vidole vyake chini ya mlango, anaita wapita njia kwa majina. Mama mwenyewe hakulipenda jambo hilo hata siku moja. Katika mji huu, ambao mlima wake wa volkano unaweza kuamka muda wowote, nani anapenda kuacha mtoto nyuma ya kufuli? Aliuza mboga shingo yake ikiwa imegeukia nyumbani.

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani. Mama Solange, jirani yetu anayeuza naye mstari mmoja sokoni, alikuwa amesimama pale na beseni lake.

"Espoir, banakupeleka Tanzania kusoma bumaskini?" akasema. "Ungekuja kwangu, ningekufundisha bure, na sombe juu."

"Mwache aende," mama akamjibu. Kisha akanishika kola niliyokuwa nimeipiga pasi mara mbili. "Papa," akaniita kama mama zetu wanavyowaita wana wao, "mi siombi kitenge, siombi simu. Kule unaenda, uangalie bamama ba kazi banaachaka batoto wapi. Uniletee iyo tu. Hii kadena imenichosha."

Kadena ndilo kufuli. Nikamwahidi. Nyuma yetu Neema alikuwa akiita jina langu kutoka chini ya mlango, na niliendelea kumsikia hata moto niliyopanda ilipowaka.

Mpakani, na mifuko yangu

Tulikuwa wanafunzi wachache pamoja na Assistant Kambale, mwalimu wetu, mtu mpole anayesema polepole hata akiwa na haraka. Tulikuwa tunakwenda kutazama biashara za kijamii, maana yake kazi ambazo maskini wanazianzisha na kuziendesha wenyewe. Clarisse alikaa karibu nami tangu mwanzo, sidhani kwa upendo. Alisema anataka kuona nitakapovunjika.

Hakungoja sana. Nilikuwa nimefunga kila shati ndani ya mfuko wake wa plastiki ili yasikunjamane. Rwanda hawataki mifuko ya plastiki, na mimi niliyejisomea mambo yote ya safari nilikuwa nimelisahau hilo. Askari wa kike alifungua begi, akatoa mfuko mmoja, wa pili, wa tatu. Aliendelea kama mtu anayemenya vitunguu, akiweka mashati yangu mezani na mifuko kwenye pipa. Watu nyuma yangu wakaanza kuhesabu kwa sauti.

"Kaka, unauza mashati?" mmoja akauliza.

"Ni yangu ya kuvaa."

"Yote? Wewe ni waziri?"

Clarisse alicheka hadi akakaa chini. Niliona aibu ile kama ishara kwamba safari yote itaharibika, na njia nzima ya kwenda Kigali sikutazama hata milima. Nilikuwa nakunja mashati mapajani.

Rusumo hadi Busisi

Rusumo, mpaka wa Rwanda na Tanzania, tulivuka mto kwa miguu, tukasikia maporomoko chini ya daraja, na upande wa pili magari yakaanza kupita kushoto. Nilishika kiti cha mbele kila lori lilipokuja, nikiwa na hakika kwamba dereva wetu amekosea. Njia ni ndefu. Misitu, vumbi, mahindi ya kuchoma, kisha Geita, na mwishoni tukafika Busisi, ambako ziwa linakata barabara na lazima ungoje kivuko. Daraja lilikuwa bado linajengwa. Nguzo zake zilisimama majini bila kazi, nasi tukasimama nchi kavu vilevile.

Kivuko kimoja kilikuwa kimeharibika, na foleni ya mabasi haikusogea. Nilikuwa nimebeba jibini nzima ya Masisi, ya ng'ombe wa mjomba, zawadi kwa wenyeji wetu. Kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Joto lilianza kuilegeza. Nikaitoa ipate hewa. Mama mmoja mchuuzi wa vitenge, aliyekaa kivulini karibu nami, akainama akainusa.

"Hii sabuni ya wapi? Mbona inanukia maziwa?"

"Si sabuni, mama. Ni jibini. Inaliwa."

"Inaliwa!" Akawaita wenzake. "Njooni muone sabuni ya Kongo, inaliwa!"

Sikuweza kumwacha hivyo. Nilikata kipande, akaonja, akatafuna kwa muda mrefu akinitazama kana kwamba nimemdhulumu, kisha akaomba kingine. Wenzake wakaja. Walinipa samaki wa kukaanga na viazi vitamu. Mtu mmoja akaleta chai. Tulipoitwa kupanda kivuko jibini ilikuwa imebaki nusu, na upande mmoja ulikuwa na alama za vidole.

"Sasa utawapa nusu?" Clarisse akauliza kwa huruma ya uongo.

Nilijaribu kuikata iwe na umbo zuri, ikawa robo.

Mwanza, asubuhi ya kwanza

Mwanza ni mji wa mawe. Si mawe meusi yenye ncha kama yetu yaliyomwagwa na volkano. Ni mawe makubwa ya mviringo, mengine makubwa kuliko nyumba, na watu wamejenga katikati yake na juu yake. Nilijisikia karibu nyumbani.

Asubuhi tulikwenda kwa kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa kando ya ziwa. Nilikuwa nimevaa shati bora, na moyoni nilikuwa na hotuba niliyoikariri tangu Goma. Msichana mmoja alikuja kutupokea, jina lake Nyamizi.

"Shikamoo," nikamwambia kama vitabu vyangu vilivyonifundisha.

"Shikamoo mimi?" Akajitazama miguu hadi mabega. "Kaka, nimezeeka lini?"

Nikataka kujirekebisha, na ndipo nikatazama nyuma yake. Palikuwa na jiwe kubwa lililoinama, na chini yake shimo lenye kivuli. Ndani ya shimo walilala watoto, kimya, mmoja kifudifudi. Upepo haukuwapo kabisa.

Sikufikiri. Nilishika pumzi, mashavu yakajaa, nikamsukuma Nyamizi, nikashuka, nikamnyanyua mtoto wa kwanza juu ya kichwa changu na kupanda naye jiwe kwa magoti. Nikamlaza juu, nikageuka nimfuate wa pili. Hapo ndipo mikono iliponishika.

"Mwizi wa mtoto!"

"Mshikeni!"

Mama mnene mwenye magamba ya dagaa mikononi alikuwa amemkumbatia mtoto niliyemtoa. Baadaye nilijua ni Mama Kulwa, na kwamba mtoto huyo, Kulwa, na yule wa pili shimoni, Doto, ni mapacha wake. Watoto wote walikuwa wameamka na wanalia. Wazima wote. Vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, walikuja wakikimbia, mmoja na kasia. Kiswahili changu chote, kile cha redio na cha vitabu, kilinitoka. Nilichoweza kusema ni "Pumzi! Pumzi!" kama mjinga, huku nikionyesha shimo.

Assistant Kambale alisimama kati yangu na kasia. Hakupandisha sauti. Aliomba msamaha kwa kila mtu, mmoja mmoja, hata kwa watoto. Vijana walitulia kidogo, lakini Mama Kulwa alisema neno moja:

"Huyu sitaki kumwona hapa tena. Na kama ni mwenzenu, ninyi pia."

Tulirudi hosteli tulikofikia. Assistant alisema kwamba kesho tutatafuta kikundi kingine cha kutembelea, pengine cha mafundi viatu. Wenzangu hawakunilaumu kwa mdomo, na hilo lilinichoma zaidi. Nilikuwa nimeona shimo lenye watoto, wanawake wakiwa kazini hatua chache tu kutoka hapo. Nilichotumwa na mama kukitafuta kilikuwa pale pale, na mimi ndiye niliyefunga mlango wake. Clarisse aliniletea ugali. Nikamwambia sina njaa.

"Kula," akasema. "Ata mwizi wa batoto anakulaka."

Swali la Mama Kulwa

Alasiri siku hiyohiyo Mama Kulwa alikuja hosteli mwenyewe, Doto mgongoni, Kulwa mkononi. Nilisimama haraka nikaangusha kiti.

"Kaa," akasema. Yeye hakukaa. "Nina swali. Mwizi wa mtoto hukimbilia barabarani. Wewe ulikimbilia juu ya jiwe. Na kwa nini mashavu yako yalikuwa yamefura kama puto?"

Nilianza na hotuba. Nilisema kwamba katika maeneo ya volkano kuna hewa ambayo kwa uzito wake… akainua mkono.

"Sema vizuri."

Basi nikasema vizuri, yaani vibaya, kwa Kiswahili chetu cha Ndosho, na sikujali. Nikamwambia habari ya mbuzi, miguu ya Neema, jinsi alivyokuwa mzito kuliko siku zote. Nikamwambia habari ya kufuli na vidole chini ya mlango. Nikamwambia kile mama alichoniomba barabarani. Clarisse alikuwa karibu akitengeneza nywele, akaacha.

Mama Kulwa alimhamisha Kulwa mkono mwingine.

"Na sasa hivi, leo, yuko ndani?"

"Saa hizi ndiyo. Mama anarudi jioni."

"Jamani." Akainua kile kiti nilichokiangusha. Kisha akakaa. "Shimo letu halina kitu, mwanangu. Bibi zetu walilala humo. Kesho utakaa na watoto wewe. Ni zamu ya Nyamizi, lakini umemsukuma, kwa hiyo unamdai… hapana, yeye ndiye anakudai." Akacheka peke yake. "Mje wote. Na ile sabuni ya kula, mwenzako amesema imebaki?"

Zamu yangu

Nilikaa chini ya jiwe kutwa nzima. Sijawahi kuogopa siku nzima bila kupumzika kama siku ile. Nilikuwa na kiberiti mfukoni, na kila mara nilipoona mtoto amelala sana niliwasha njiti na kuishusha hadi ardhini. Kwetu moto ukizimika chini, ujue ni mazuku, utoke mbio. Njiti zangu ziliwaka hadi mwisho zikaniunguza vidole. Watoto waliokuwa macho wakadhani ni mchezo. Wakajipanga, wakawa wanazipuliza, na kila njiti iliyozimwa na mdomo wa Kulwa ilinishtua upya.

Hapo kivulini ndipo nilipoona kazi ya kikundi inavyokwenda, na sikuiona kwenye maelezo yoyote tuliyopewa. Dagaa lazima waanikwe mapema, jua likiwa jipya. Wanaoanikwa mwisho hawakauki vizuri, na mvua ikija ndio wanaooza. Kwa hiyo kila mwanamke anataka wake waanikwe kwanza. Lakini asubuhi ile, kabla ya mtu yeyote kugusa wake, wote waliinama juu ya ndoo za Nyamizi, wakamwaga dagaa wake, wakawatandaza sehemu iliyo bora ya mchanga. Kisha ndipo kila mmoja akaenda kwenye zake.

"Mbona wake ndio wa kwanza?" nikamuuliza Mama Kulwa alipokuja kunyonyesha.

"Ni zamu yake ya watoto. Wa zamu anatangulia kila siku."

"Lakini leo niko mimi na watoto, si yeye."

"Wewe una dagaa?"

"Sina."

"Basi mwache atangulie. Tulijaribu njia nyingine zamani," akaongeza. "Kila mmoja alisema ana udhuru. Nani akae na watoto wa wenzake huku dagaa wake wanaoza? Siku tulipoanza kumtanguliza, watu wakaanza kugombania zamu."

Nyamizi alikuwa akisikiliza. "Na huyu aliyenisukuma naye apewe," akasema. "Amekaa na watoto. Kanuni ni kanuni."

Nilipoaga walinipa mfuko wa dagaa waliokauka vizuri, mfuko wa katani. Nilikataa mara mbili kwa adabu. Mara ya tatu Mama Kulwa alinikazia macho, nikapokea.

Kurudi na harufu

Sitasema mengi juu ya njia ya kurudi, ila kwamba dagaa walinuka. Kwenye kivuko watu walisogea, kwenye basi hawakuwa na pa kusogea. Mashati yangu yote yalinuka ziwa la watu wengine. Rusumo basi liliharibika, tukakaa kando ya njia hadi fundi alipokuja, na jua likafanya kazi yake juu ya mfuko. Clarisse alihamia kiti cha nyuma kabisa.

"Hauone haya, Monsieur Soksi?" akaniita kutoka huko.

Nilitafuta haya hizo ndani yangu. Hazikuwapo. Nilikuwa nakariri jambo moja tu: nitawaambiaje.

Mpakani kwetu askari alikuwa yuleyule wa mifuko. Alifungua begi, akakunja uso, akafunga, akanipungia mkono nipite.

Ndosho tena

Mama alipika dagaa kwa mafuta ya mawese na nyanya, akawaita wenzake wa mstari wake sokoni. Walikuja na watoto migongoni na mikononi. Neema alikaa mapajani mwangu. Nilieleza kila kitu, hata aibu, maana bila aibu hadithi haikuwa na miguu.

Mama Solange alitafuna akasikiliza. Kisha akasema:

"Iyo ni ya dagaa. Sisi tunauzisha lengalenga. Nani ataacha kuuzisha ju ya kukaa na batoto ya benzake? Lengalenga yake itanyauka."

"Yake itauzwa kwanza," nikasema. "Mbele ya zenu zote. Mteja akija, mnamuuzia ya wa zamu mpaka imalizike."

"Mbele ya yangu?"

"Mbele ya yako. Na siku yako, yako mbele ya zetu," mama akasema. Nilimtazama. Alikuwa ameshaelewa kabla sijamaliza.

Palikuwa na kelele. Mmoja alisema wateja wake hawawezi kulazimishwa. Mwingine akauliza watoto watakaa wapi, maana shimo la kivuli kwetu haliwezekani hata kwa ndoto. Mama Solange akasema nyuma ya nyumba yake kuna ule mwinuko wa mawe ya volkano, pa juu, ambako upepo haukosekani, turubai litatosha.

"Mi naanza," akasema. "Kesho. Nione kama ni kweli mutaniuzisha mbele, bongo ninyi." Bongo ndio waongo.

Kesho yake mama aliuza mboga za Mama Solange kwanza. Zake zikabaki nyingi, zimelala kwenye beseni kama nguo zilizofuliwa. Tulikula lengalenga jioni ile na asubuhi iliyofuata. Siku ya tatu ilikuwa zamu yake, na Mama Solange mwenyewe alitembea soko zima akiita wateja wa mboga za mama.

Haikai sawa kila siku. Kuna siku wanagombana, kuna mama mmoja aliyejitoa kisha akarudi. Turubai linavuja. Ripoti ya safari aliyoitaka Assistant Kambale niliiandika nikampa ikiwa na makosa ambayo sikuyasahihisha. Bado natembea na kiberiti, na nikipita pale juu nawasha njiti moja, na watoto wanaipuliza.

Mliouliza nini kimebadilika: Neema anashinda kwenye mwinuko pamoja na wenzake, na kufuli la mlango wetu sasa linafungwa jioni tu, kwa ndani, tukiwa wote nyumbani.